Brauza Tatu na Parafujo ya Mtinko

Singida mjini,
Jumanne, mwezi wa Juni

Dada yangu Mwanaidi,

Shikamoo. Pokea na shikamoo za wale wadogo zako wengine wasioandika barua, maana najua ndilo jambo la kwanza utakaloniuliza. Mimi ni mzima. Kifua kilichonisumbua wakati wa masika kimetulia, ingawa upepo wa huku mwezi huu hauna adabu: unapita chini ya mlango na kupanda hadi kitandani. Nipe habari za mama. Uliandika kwamba jicho lake la kushoto linaona ukungu. Je, mmeshampeleka kwa daktari, au bado anasema atakwenda mahindi yakishavunwa? Mwambie mimi nasema aende sasa. Mahindi hayakimbii. Na shemeji, mguu alioutegua akishuka kwenye lori umepona, au bado anautumia kama sababu ya kutokwenda shambani?

Barua yako niliipokea kwa kondakta wa basi, pamoja na mihogo mikavu. Asante. Mihogo ya huku si mibaya, ila haina ladha ya ile ya Handeni, na nimeacha kuwaambia wenyeji hivyo kwa sababu hawapendi.

Sasa swali lako. Unasema umenunua kompyuta ya pili kwa ajili ya duka la kuchapa na kutoa kopi, na aliyekuuzia kule Tanga anataka kukufungia Intaneti kwa laini ya simu na kukuwekea brauza mpya kabisa. Anasema hizo nyingine ni za kutupa. Umesoma makala yangu gazetini na bado hujui ufanye nini. Sikulaumu. Makala ile mhariri aliikata nusu ili apate nafasi ya tangazo la sabuni, na nusu iliyokatwa ndiyo unayoihitaji. Nitakuandikia yote hapa, pamoja na jambo lililotokea, kwa sababu bila jambo hilo ningekupa jibu baya.

Kwa wale utakaowasomea barua hii barazani: brauza ni programu ya kufungulia kurasa za Intaneti. Simu inaleta maneno na picha kutoka mbali, na brauza inayapokea na kuyapanga kwenye kioo yasomeke. Ziko kadhaa, na wenye nazo wanagombania watu kama makondakta wa stendi.

Mhariri alinipa mimi kazi hii kwa sababu moja. Dar es Salaam simu ni nzuri, na majaribio ya mtu wa Dar hayamsaidii msomaji aliyeko Nzega. Alituma brauza mbili kwa basi, moja kwenye sahani ya kompyuta, ile wanayoiita CD, na nyingine kwenye disketi. Ya tatu ilikuwamo tayari ndani ya kompyuta ya ofisi moja ya mradi wa maji hapa mjini, ambako mkuu wa ofisi aliniruhusu kufanya kazi asubuhi. Ofisi hiyo ina laini moja na simu mbili: moja chumba cha nyuma kwenye kompyuta, nyingine mapokezi, kwenye meza ya Rehema. Rehema ndiye katibu, na kwa kweli ndiye mkuu wa ofisi yule mwingine akisafiri. Yeye ndiye aliyezipa brauza zangu majina.

Ile iliyokuja na kompyuta tuliiita Mgeni, kwa sababu ilifika imevaa vizuri na ilitaka nafasi kubwa. Ile ya kwenye sahani, ambayo watu wa magazeti tumeitumia tangu mwanzo, tuliiita Mkongwe. Na ile ya kwenye disketi, iliyoenea yote ndani ya disketi moja, Rehema aliitazama akacheka. "Haka kadogo kataweza nini?" Ikawa Kadogo.

Nilizipima kwa kurasa zile zile, saa zile zile za asubuhi, kabla laini haijajaa watu: ukurasa wa maandishi matupu, ukurasa wenye jedwali la bei za mazao, na ukurasa wenye picha. Mgeni alikuwa wa kwanza karibu kila mara. Jedwali alilipanga sawasawa, herufi zake zilikuwa safi, picha zikakaa mahali pake. Mkongwe alikuwa nyuma yake kidogo, lakini ana mambo mazuri: barua za Intaneti zinasomwa humo humo bila kufungua programu nyingine, na picha inaanza kuonekana kama ukungu kisha inakolea, kwa hiyo mapema unajua kama ni ile unayoitaka. Ubaya wake ni kuanguka. Ukifungua madirisha mengi anakufa nayo yote. Kadogo alikuwa mwepesi kwenye maandishi, lakini jedwali la bei alilivuruga hata mtama ukapata bei ya ufuta. Tena si wa bure. Siku za majaribio zikiisha anaomba alipiwe.

Kwa hiyo niliandika rasimu nikampa Mgeni nafasi ya kwanza. Nilipanga kuituma kwa mhariri Ijumaa ya mwisho ya Mei.

Siku mbili kabla ya hapo nilikwenda Mtinko kwa habari nyingine, ya alizeti. Zamani mbegu zilikwenda kwa ushirika na mafuta yakarudi kwa mgao. Tangu biashara iachiwe huru kila anayeweza anakamua mwenyewe, na ukipita barabara ile unasikia injini za dizeli kila baada ya vijumba vichache. Nilitaka kuongea na mwenye mashine mmoja. Nikaelekezwa kwa Mama Elinami. Mashine yake ilikuwa imenyamaza.

Mama Elinami ni mjane wa makamo, mwimbaji wa kwaya ya Kilutheri, anaongea polepole kama mtu anayepima unga. Mumewe alinunua mashine hiyo ya Kihindi kabla hajafa, lakini ng'ombe waliouzwa ili inunuliwe hawakuwa wake peke yake. Walikuwa ng'ombe wa ukoo, na kaka wa huyo marehemu, Mzee Hango, hajasahau rangi ya hata mmoja wao.

"Unaiona?" aliniuliza.

"Naiona, mama."

"Ng'ombe akifa unakula nyama. Hii ikifa unakula nini? Hayo si maneno yangu. Ni ya shemeji yangu, ananiambia kila asubuhi, wakati mwingine hata sijamaliza kumwamkia."

Kilichoharibika ni parafujo ya ndani, ile inayosukuma mbegu mbele na kuzibana. Imeundwa kwa vipande vinavyovishwa kwenye mhimili mmoja, na kipande cha mwisho kilipasuka kikasagika, hakikubaki cha kupimia. Kitabu cha mashine kililiwa na mchwa. Fundi wa hapa mjini alichonga kipande kingine kwa kukisia. Kilivishwa, injini ikawashwa, alizeti ikaganda ndani kama ugali, na mashine ikatoa moshi badala ya mafuta. Baada ya hapo shemeji zake walikaa kikao. Wakaamua kwamba kama mashine haitazunguka kabla ya mnada wa mwisho wa Juni, mfanyabiashara mmoja wa mjini ataichukua, na ukoo utarudishiwa ng'ombe.

Nilimwuliza yeye anaonaje. Alijibu bila kupandisha sauti. "Mashine ikiondoka, mimi nabaki mke wa marehemu. Ikizunguka, mimi ni mwenye mashine."

Niliandika maneno hayo. Halafu nikanakili jina la kiwanda kutoka kwenye kibati kilichopigwa misumari ubavuni mwa mashine. Sikumwahidi kitu. Kesho yake, nikiwa kwenye majaribio yangu, nilitafuta jina hilo kwenye Intaneti. Kiwanda kina kurasa zake. Mojawapo ina orodha ya vipande vya mashine zake za zamani, na pembeni ya kila kimoja pana picha ya mchoro na vipimo. Niliona maandishi. Michoro yenyewe ilikuwa mikubwa na mkuu wa ofisi alihitaji simu, nikaiacha. Nikatuma ujumbe Mtinko kwamba Mama Elinami aje mjini, kwa sababu mimi siwezi kutofautisha parafujo moja na nyingine.

Alikuja Ijumaa asubuhi. Hakuja peke yake. Mzee Hango alikuwa naye, koti zito, fimbo, viatu vya mpira.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimekuja kukiona hicho kitu kinachokamua alizeti kwa simu."

"Hakikamui, shemeji," Mama Elinami akasema. "Kinaonyesha picha tu."

"Picha tunayo ukutani ya harusi yenu, na haijakamua hata kijiko."

Rehema alimkalisha mapokezi, mahali penye kiti cha mto, akatoka kwenda kununua maandazi ya wageni. Mimi na Mama Elinami tukaingia chumba cha nyuma. Nilimfungua Mgeni, maana ndiye aliyekuwa wa kwanza. Orodha ikaja haraka, safi kabisa. Mama Elinami aliipitia mistari kwa kidole bila kugusa kioo, akasimama kwenye mashine iliyofanana na yake. Nikabofya mchoro. Ukaanza kushuka kutoka juu, mstari kwa mstari, taratibu. Ulikuwa umefika kama nusu uliposimama. Tulisubiri. Kisha kioo kikawa cheupe chote, na Mgeni akaandika maneno ya kuomba radhi.

Nilitoka kuangalia simu ya mapokezi, maana laini ni moja, na mtu akiinua simu ile kompyuta inakatika. Mzee Hango alikuwa ameishika sikioni kwa mikono miwili.

"Habari za nyumbani?" alikuwa anasema. "Watoto? Ng'ombe? Mvua huko kwenu zilikuwaje?"

"Mzee," nikamwuliza, "unaongea na nani?"

Akafunika simu kwa kiganja. "Simjui. Niliona kitaa kinawakawaka, nikajua kuna mtu amesubirishwa. Katibu ametoka. Utamwacha mgeni amesimama mlangoni bila salamu? Nimemwamkia, analia. Nimemwuliza habari za nyumbani, analia. Nimempa pole."

"Huyo si mtu, mzee. Ni kompyuta inaongea na kompyuta nyingine."

"Basi zina msiba," akasema, akairudisha simu mahali pake kwa heshima.

Rehema alirudi na maandazi akanikuta nacheka peke yangu kwenye korido. Nilipomweleza, alimwambia mzee jambo kwa Kinyaturu, naye mzee akamjibu kwa kirefu. Nimemwomba Rehema mara mbili anitafsirie. Amekataa.

Tukapiga simu upya. Mgeni alianza mchoro kutoka mwanzo kabisa, kana kwamba hakuwahi kuuona. Kabla haujafika nusu laini ilikatika yenyewe, bila salamu za mtu yeyote, kama zinavyokatika simu za huku upepo ukizidi. Kioo cheupe. Radhi. Nikamfungua Mkongwe. Huyu alituonyesha mchoro wote kwa ukungu, na Mama Elinami akasema, "Ndiyo yenyewe," lakini vipimo vilikuwa bado madoa. Laini ikakatika tena, na Mkongwe akaganda na kompyuta nzima. Ilibidi tuizime.

Mzee Hango alikuwa amehamia chumba cha nyuma, amesimama nyuma yetu. "Wawili wamelala chini," akasema. "Mama Elinami, twende. Gari la Mtinko litajaa."

"Shemeji, bado mmoja."

"Yupi? Hiki mlichokileta kwenye kiganja?"

Kadogo nilimwekea amri ya kutofungua picha yoyote bila ruhusa. Kwa hiyo ukurasa ulikuja maandishi matupu na visanduku vitupu, na orodha imepinda kama kawaida yake, tukatafuta jina la kipande kwa taabu. Nikabofya kisanduku kimoja tu. Laini yote ikamhudumia huyo mmoja. Mchoro ukashuka robo, ukashuka nusu, ukapita nusu. Simu ikakatika.

Mzee Hango akageukia mlango. Lakini kioo hakikuwa cheupe. Nusu ya mchoro ilikuwa imebaki pale pale. Nikapiga simu tena, nikasubiri milio yake yote, nikamwamuru aendelee. Akaendelea kutoka chini ya mstari ule ule alioachia.

Mzee Hango aliinama mpaka ukingo wa kofia yake ukagusa bega langu. "Rudia," akasema.

"Nirudie nini, mzee?"

"Mkate tena simu."

Nilichomoa waya mwenyewe. Mchoro ukasimama. Nikauchomeka, nikapiga, ukaendelea.

"Huyu ni ng'ombe wa jembe," akamwambia shemeji yake, si mimi. "Unamfungua anywe maji, ukimrudisha anaingia kwenye mfereji ule ule. Hao wengine ni wa kuonyesha mnadani."

Mama Elinami alikuwa anaangalia kona ya chini ya kioo, ambapo vipimo vilikuwa vinatokea kimoja kimoja, upana wa kila mzunguko na kina chake. Alitoa leso akaifunga mkononi, akaifungua, akaifunga tena. Mchoro ulipotimia Rehema alituchapia kwa printa ya ofisi, nayo ikapiga kelele kama kawaida yake. Mzee Hango aliichukua karatasi, akaigeuza juu chini, akamkabidhi shemeji yake.

"Karatasi haikamui," akasema. "Mnada uko pale pale."

Sasa unaelewa kwa nini rasimu yangu haikwenda Ijumaa ile. Niliiandika upya. Nilikuwa nimezipima brauza tatu kama mtu anayepima magari kwenye lami. Kasi niliipima, sura niliipima, mambo ya ziada niliyapima. Sikupima inafanya nini ikikatwa katikati, na huku kukatwa ndiyo hali ya kawaida ya simu. Mzee aliyetoa pole kwa msiba usiokuwepo ndiye aliyelifanya jaribio hilo la kwanza. Baada ya hapo nilirudia mwenyewe kwa kurasa nyingine, kwa kuchomoa waya makusudi. Matokeo hayakubadilika.

Ushauri wangu basi ni huu. Usimwulize muuzaji wako wa Tanga brauza ipi ni mpya. Mwambie aziweke zote mbili tatu kwenye kompyuta yako, pale pale dukani kwako Handeni, kwa laini yako, si ya kwao. Mwambie afungue picha kubwa, na ikifika katikati achomoe waya wa simu. Uangalie kinachobaki kwenye kioo. Halafu arudishe waya, uangalie inaanzia wapi. Akikataa kuchomoa, umeshapata jibu. Kama simu za Handeni zimekuwa nzuri tangu wabadilishe mitambo, kama ulivyoandika, huenda Mgeni akakufaa, maana wateja watapenda sura yake na hutamlipia. Kama bado zinakatika, mweke Kadogo kwa kazi na Mgeni kwa wanaotaka kuona picha za mpira. Mkongwe mweke tu kama wateja wako watataka barua nyingi kuliko kurasa, na wakataze kufungua madirisha mengi. Majedwali usimwamini Kadogo hata kidogo. Bei ya zao isome kwa brauza nyingine kabla hujamwambia mkulima. Na simu ya pili ya dukani ifungie kabatini.

Nikisema kweli, hizi zote ni changa. Mhariri anasema zinabadilishwa kila baada ya miezi, na huenda mwakani Kadogo akajifunza majedwali, au Mgeni akajifunza kukumbuka. Naona itakuwa hivyo. Miaka michache nyuma habari zangu nilizituma kwa gari moshi, ndani ya bahasha, kupitia Manyoni, na zikifika Dar zilikuwa zimeshazeeka. Sasa karatasi ya India inachapwa Singida kabla chai haijapoa, simu ikikubali. Sioni sababu ya Handeni kubaki nyuma, wala ya wewe kuwa na wasiwasi. Duka lako litakwenda.

Mke wangu nimemwandikia barua yake mbali, kwa hiyo asikupokonye hii. Nisalimie mama, umwambie tena habari ya jicho. Msalimie shemeji na mguu wake. Shangazi wa vitumbua mwambie nimepata mtu wa huku anayejaribu kupika kama yeye na anashindwa. Mjomba fundi cherehani mpe pole ya mkewe, na umwambie suruali aliyonishonea bado inavumilia upepo wa Singida. Kaka yetu wa Korogwe akipita, mwulize kama amesahau kuandika au amesahau anwani.

Ni mimi mdogo wako,
Athumani

Jumapili

Dada, bahasha nilikuwa nimeshaigundisha, nimeifungua tena kwa mvuke wa birika. Samahani kwa karatasi iliyojikunja. Kuna habari za Mtinko.

Karatasi ile niliipeleka mwenyewe kwa Fundi Masanja, yule aliyekisia mara ya kwanza, aliporudi safarini Alhamisi. Ni Mnyamwezi aliyejifunza kazi kwenye karakana ya reli, kwa hiyo ni mtani wetu, na tangu aliponijua kuwa Mzigua hanipi nafasi.

"Mzigua ameleta karatasi," akawaambia waliokuwepo. "Babu zake walikuwa wanatupokea mizigo tukipita, leo wanatupokea na michoro."

"Babu yako angekuwa na mchoro," nikamjibu, "asingepotea njia mpaka kwetu."

Alicheka, akavaa miwani. Akaisoma karatasi yote kabla ya kugusa chuma, akasema mara ya kwanza alikuwa amechonga kina sawa lakini mizunguko ameiachanisha mno, ndiyo maana mbegu zilikaa badala ya kubanwa. Alifanya kazi siku mbili. Jana, siku ya mnada, tukaenda naye Mtinko, kipande kimefungwa kwenye gunia.

Lori la mfanyabiashara lilikuwa limeshafika, limeegeshwa kinyumenyume kwenye banda, na wabebaji wanne wamekaa kivulini wanakula miwa. Shemeji zake Mama Elinami walikuwepo wote. Aliwaamkia mmoja mmoja kwa umri wao, hakuruka hata mmoja, kisha akamfungulia fundi banda.

Kuvisha kipande hakukuchukua muda mrefu. Injini ikawashwa. Mbegu za kwanza zilipoingia ukatoka moshi, na mfanyabiashara akasimama akajipangusa suruali. Fundi Masanja alipunguza mwendo, akasema ni ule ugali wa zamani unaungua, subirini. Mama Elinami alikuwa amesimama mahali penye bomba la mafuta, kichwa ameinamisha, sikuona uso wake. Moshi ukapungua. Yakatoka matone meusi, machafu. Kisha uzi mwembamba wa mafuta. Kisha uzi ule ukanenepa, ukawa wa rangi ya asali, ukawa haukatiki.

Mzee Hango hakuangalia mafuta. Alikwenda upande wa pili yanakotokea mashudu, akachota kiganja kimoja yakiwa bado ya moto, akaminya kwa nguvu, akafungua mkono akautazama. Ulikuwa mkavu. Mbegu zilikuwa zimeachia mafuta yote. Akatupa mashudu, akaenda kuongea na mfanyabiashara pembeni. Hawakuongea sana. Lori lilitoka na wabebaji wake, na mmoja wao akashuka tena kuuliza kama mama ana kazi ya kupakia magunia.

Habari zilisambaa mnadani. Haikufika saa moja wanawake walikuwa wamepanga mbegu zao kwenye vikapu na magunia kuanzia mlangoni hadi kwenye ukuta wa shule. Niliondoka jioni, na bado walikuwa wanakuja. Lakini kabla sijaondoka alirudi Mzee Hango na mkokoteni wa punda wenye magunia yake mwenyewe. Alipita watu wote, akausimamisha mkokoteni mlangoni kabisa mwa banda, akaanza kufungua kamba.

Mama Elinami alitoka amelowa mafuta hadi viwikoni.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba."

"Foleni inaanzia kule ukutani."

Injini ilikuwa inanguruma, lakini nadhani kila mtu alisikia. Mzee alimwangalia. Akaangalia foleni, ambamo wake zake wawili walikuwa wamekaa juu ya magunia na kujifanya hawaoni. Akafunga kamba upya, akamshika punda kichwa, akamgeuza.

Athumani